Waya Mzima, Gari Haliwaki

“Sasa kama waya ni mzima na umeme upo, huo umeme unakwenda wapi?”

Mama mwenye gari aliuliza hivyo tukiwa tumesimama Igoma, hapa Mwanza. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika na abiria wa Hiace yake walishahamia gari lililofuata. Viti vya mbele vilikuwa vimefunuliwa. Dereva akipiga stata, injini inazunguka mara moja kwa uzito, inasita, inanyamaza. Fundi aliyeitwa, mzee anayeheshimika pale stendi, alikuwa ameshapima. Aligusisha ncha mbili za multimita, kile kipimo cha umeme, kwenye miisho ya waya mnene wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari, kipimo kikalia. Akageuzia kwenye volti, akagusa betri, kioo kikaonyesha 12.6.

“Umesikia mwenyewe, mama. Waya mzima. Betri nzima. Hapo ni stata.”

“Stata nimenunua mwezi uliopita, baba. Na betri kabla ya hapo.”

“Basi stata waliyokuuzia ni mbovu.”

Ndipo mama akauliza swali lile. Hakuuliza kwa kejeli, alitaka kujua. Anauza dagaa soko la Mwaloni, na hesabu za mzigo anazijua: kilichotoka huku kisifike kule, lazima kimeishia njiani.

Hakuna aliyemjibu.

Mimi nilikuwa mmoja wa abiria, naelekea kazini Nyakato, na kazi yangu ni umeme wa magari. Swali lile limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Ni kwa sababu magari mengi yanayofika kwangu yanafika na historia ileile: betri mpya, stata mpya, wakati mwingine na alteneta (ile inayochaji betri) mpya, na tatizo liko palepale. Fedha ya watu imekwisha. Na kila ukifuatilia unakuta kweli kuna fundi alipima.

## Kipimo hakikudanganya

Hili ndilo lililonisumbua zaidi. Yule mzee hakubahatisha, wala multimita yake haikuwa mbovu. Waya ulikuwa mzima. Betri ilikuwa na volti 12.6, na betri iliyopumzika ikisoma hivyo imejaa. Kila alichosema kilikuwa kweli, na gari haliwaki.

Tuangalie multimita ilifanya nini. Ukiiweka kwenye mlio, inatuma mkondo mdogo kutoka kwenye kibetri chake, kiasi cha sehemu moja ya elfu ya ampea (kipimo cha mkondo) au pungufu, kisha inaangalia kama umerudi. Mkondo huo unapita popote. Unapita kwenye uzi mmoja wa shaba uliobaki baada ya wenzake wote kukatika. Unapita kwenye nukta ndogo ambapo bolti imegusa chuma. Kipimo kinalia, na kina haki ya kulia, kwa sababu njia ipo.

Lakini stata ya dizeli haiombi sehemu moja ya elfu ya ampea. Inaomba ampea 200 na zaidi kwa mkupuo.

Upande wa volti ni hivyohivyo. Multimita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa ndani, yaani kizuizi cha mkondo, wa omu milioni 10. Zimetengenezwa hivyo makusudi, zisiibe umeme wa kitu zinachokipima. Kwa hiyo ukipima volti 12 unakuwa umevuta mkondo unaozidi kidogo tu sehemu moja ya milioni ya ampea. Mwisho wa waya uliooza utakuonyesha 12.6 safi kabisa, kwa sababu hakuna aliyeuomba kufanya kazi.

Nenda Mwaloni asubuhi uwaangalie wapagazi wamesimama wakisubiri mzigo. Wote wamenyooka, wote wana nguvu. Huwezi kumjua mwenye goti bovu mpaka awekewe gunia begani na kuambiwa apande ngazi. Maungio ya waya ni hivyo. Tulikuwa tunayapima yakiwa yamesimama.

## “Konda, piga stata”

Kuingilia kazi ya fundi mwenzako ni jambo zito, hasa akiwa amekuzidi umri. Nilisita. Kilichonisukuma ni kumsikia mama akiuliza bei ya stata nyingine.

“Shikamoo mzee. Naomba tupime pamoja, ila safari hii konda awe anapiga stata.”

Alinitazama kidogo, akanipa ncha za multimita yake mwenyewe. Kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Kwanza tulichomoa waya wa ile solenoidi inayofungua dizeli, ili injini izunguke bila kuwaka. Kwenye gari la petroli ungetoa fyuzi ya pampu ya mafuta. Multimita ikawekwa kwenye volti za DC. Konda akapiga stata kwa sekunde chache, si zaidi ya tano, kisha tukaipumzisha kabla ya kurudia, kwa sababu stata hupata moto haraka.

Nguzo hadi nguzo ya betri, stata ikizunguka: 10.4.

Kutoka nguzo ya chanya ya betri hadi kwenye bolti nene ya stata: 0.3.

Kutoka nguzo ya hasi hadi kwenye chuma kitupu cha injini: 2.1.

Mzee alisogeza kichwa asome mwenyewe. Akamwambia konda arudie. Ikaja 2.1 tena.

Hapa kuna jambo ambalo huwachanganya wanaoanza. Ncha moja iko kwenye hasi ya betri, nyingine iko kwenye injini, ambayo nayo ni hasi. Ukifikiri haraka utasema pale hapana cha kupima, pande zote mbili ni ethi. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kati ya ethi na ethi panatakiwa pasiwe na kitu, au pawe na sehemu ya kumi chache za volti. Namba yoyote kubwa inayotokea hapo ni volti iliyotolewa na betri na haikufika kwenye stata.

Na ncha iguse nguzo yenyewe ya risasi, si kibanio kilichoifunga. Ukigusa kibanio umeyaruka maungio ya kwanza kabisa, na hayo ndiyo yanayoharibika sana.

Baada ya hapo kazi ni kukata njia vipandevipande. Nguzo hadi kibanio chake: 0.05. Kibanio hadi ncha ya pili ya waya: 0.1. Ncha hiyo ya waya hadi kwenye chuma cha bodi, sentimita chache tu pembeni ya bolti: 1.8. Bodi hadi injini: 0.15.

Gari lilikuwa limetoka kunyooshwa bodi na kupigwa rangi. Rangi imepita juu ya sehemu ya ethi, na waya umefungwa juu ya rangi. Umeme wote wa stata ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti moja yenye kutu.

Tukafungua kibanio cha hasi kwanza, ndipo tukagusa spana kwenye ile bolti. Msasa hadi chuma king'ae, pande zote mbili. Pete ya washa yenye meno, bolti mpya, grisi kidogo juu yake baada ya kukaza ili maji yasiingie. Tulipopima tena, upande wa ethi ulisoma 0.3. Waya wa dizeli ukarudishwa, gari likawaka.

Mama alishukuru, “Wabeja sana wanangu,” akapanda mbele, gari likaondoka kuifukuzia hesabu ya siku. Swali lake likabaki na sisi.

## Ulikokwenda

Ulikwenda kwenye joto.

Ningependa kumjibu kwa lugha yake ya mzigo. Betri ilitoa volti 10.4. Stata ilipokea 8.0. Waya wa chanya ulichukua 0.3, upande wa ethi ukachukua 2.1. Jumlisha: 8.0 na 0.3 na 2.1 ni 10.4. Hakuna kilichopotea. Gustav Kirchhoff aliiandika kanuni hiyo mwaka 1845, na hadi leo hesabu ya saketi, yaani njia nzima ya umeme, lazima ifunge. Isipofunga, kuna mahali hujapima.

Sasa tuchukue kwamba stata ilikuwa inavuta ampea 200. Volti 2.1 mara ampea 200 ni wati 420. Taa saba za mbele za wati 60 kila moja, zote zinawaka upande wa ethi, na sita kati yake ndani ya bolti moja isiyoonekana. Ndiyo maana maungio mabovu yakipigishwa stata mara kadhaa mfululizo unaweza kuyatambua kwa kuyagusa na kidole. Yana moto. Gusa kwa tahadhari, watu wameungua. Na joto hilo linaongeza kutu, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto.

Kuna hesabu moja zaidi inayoeleza kwa nini kipimo cha omu hakiwezi kutusaidia hapa. Kwa kanuni ya Georg Ohm ya mwaka 1827, gawanya volti 2.1 kwa ampea 200. Unapata omu 0.0105. Yaani kama sehemu moja ya mia ya omu. Hicho tu ndicho kilichotosha kulaza gari barabarani.

Multimita ya kawaida ya gereji haioni chini ya omu 0.1. Ukigusanisha ncha zake zenyewe kwa zenyewe, inasoma 0.2 au 0.3, kwa sababu ya nyaya zake. Ugonjwa tunaoutafuta ni mdogo mara kumi kuliko kitu kidogo kabisa ambacho kipimo kinaweza kukionyesha. Lakini volti 1.8 inaiona hata multimita ya bei ya chini kuliko zote dukani. Stata yenyewe ndiyo inayokikuza kile kiasi kidogo mpaka kionekane, mradi iwe inafanya kazi wakati unapima.

Onyo moja, kwa sababu nimeona kijana akitaka kujaribu: usijaribu kupima ampea za stata kwa kupitisha mkondo ndani ya multimita. Tundu lake kubwa mara nyingi huishia ampea 10. Volti zinatutosha.

## Taa ya wazee

Nilipoanza kuwasimulia mafundi wengine habari hii, mmoja wa wazee wa kazi alitoa kwenye boksi lake kifaa ambacho vijana wengi tumekiacha: glopu ya taa ya breki, wati 21, imeunganishwa nyaya mbili zenye klipu. Alikuwa nayo tangu hakuna multimita gereji.

Glopu ile inavuta kama ampea 1.75. Ukiichomeka mwisho wa waya uliooza sana, haiwaki, au inawaka nyekundu hafifu. Multimita palepale ingesema 12.6.

Nimefikiria sana juu ya hilo. Tulipopata kifaa cha kisasa tuliona taa ya kupimia ni ushamba, tukaitupa. Na kwa kazi hii mahususi, ya kuuliza waya kama unaweza kubeba, ile glopu ilikuwa inauliza swali sahihi na multimita peke yake haiulizi. Siku hizi natumia vyote viwili pamoja: glopu naichomeka iwe mzigo, multimita inasoma volti zinazopotea wakati glopu inawaka. Hata saketi ambayo kifaa chake kimetolewa unaweza kuipima hivyo.

Kuna mahali glopu hiyo haitakiwi kabisa. Usiichomeke kwenye nyaya za sensa wala za kompyuta ya gari, kwa sababu mkondo wake ni mkubwa mno kwa vitu hivyo. Na usiikaribishe kwenye nyaya za mifuko ya hewa inayokinga watu gari likigonga, ambazo mara nyingi soketi zake ni za njano. Mfuko wa hewa unaweza kulipuka usoni pako.

## Ziwa halina chumvi

Mwanza kila penye kutu linasingiziwa ziwa. “Si unajua tena, gari linalala karibu na maji.”

Ziwa Victoria ni maji baridi, si ya chumvi. Unyevu upo na unachangia, lakini gari la Mwanza halikabiliwi na kile kinacholikabili gari linalolala ufukweni Dar es Salaam au Tanga. Ninachokikuta mimi chini ya magari hapa, mara nyingi mno, kimeletwa na mikono yetu.

Rangi juu ya ethi nimeshaisema. Kuna nyaya zilizosokotwa na kufungwa selotepu siku ya kuweka redio au taa za nakshi. Maji ya mashine ya kuoshea gari yanaingia, hayatoki. Kuna msumari au kipande cha bati kilichopachikwa kati ya kibanio na nguzo ya betri. Magari mengi yaliyotoka Japani yana betri ndogo zenye nguzo nyembamba. Mtu akinunua betri ya nguzo nene anabadilisha kibanio, kesho akirudi kwenye nyembamba kibanio kinacheza, ndipo msumari unapoingia. Chuma cha duara kati ya risasi mbili kinagusa mstari mwembamba tu. Gari linawaka siku hiyo, fundi analipwa. Wiki mbili baadaye kuna unga mweupe na wa kijani pale.

Unga huo uoshwe kwa maji yaliyochanganywa na magadi, ambayo yanaua tindikali, bila kuyaruhusu kuingia ndani ya betri. Naona watu wanamwagia soda ya kunywa. Soda nayo ni tindikali, na sukari yake inabaki.

Chumvi tunayo, lakini haitoki ziwani. Inatoka kwenye kayabo. Lori linalobeba sangara waliokaushwa kwa chumvi linadondosha maji yake kwenye chesi, ile fremu ya chini, safari baada ya safari, na nyaya za taa za nyuma zinapita hukohuko. Hapo utakuta shaba imegeuka kijani hadi ndani ya ganda, sentimita nyingi kutoka pale palipoanzia. Kukata kipande cha mwisho na kuunga hakutoshi. Endelea kumenya ganda mpaka uione shaba yenye rangi yake, hata kama inabidi kubadilisha waya mzima.

## Taa za njano

Stata inapogoma, angalau kila mtu anajua gari ni bovu. Kinachonitia hofu zaidi ni taa za mbele.

Dereva anazoea. Zinafifia kidogo kidogo, mwaka unapita, anaona ndivyo zilivyo. Kisha anaondoka Mwanza saa moja usiku kuelekea Magu, na barabara ile ina baiskeli zisizo na taa, watu wanaorudi mashambani, na ng'ombe.

Mwanga wa glopu ya halojeni haupungui sawasawa na volti. Unapungua haraka zaidi. Ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Taa iliyotakiwa kupata 13.5 ikipata 12.15, karibu theluthi ya mwanga imepotea, na hakuna kilichoungua wala fyuzi iliyokatika.

Namna ya kupima ni ileile, lakini kuna kosa moja linalofanya kipimo chote kiwe bure: kuchomoa plagi ya taa na kuingiza ncha za multimita ndani yake. Ukichomoa umeondoa mzigo, na plagi itakusomea volti kamili ya betri. Iache plagi mahali pake, washa taa, ingiza ncha nyembamba kwa nyuma pale waya unapoingilia. Soma kati ya nguzo ya chanya ya betri na waya wa moto wa taa, kisha kati ya nguzo ya hasi na waya wa ethi wa taa. Kila upande una jibu lake.

Kwa taa, pampu na vitu vidogo, mafundi wengi hukubali volti 0.2 upande wa ethi, na kila maungio peke yake yasizidi 0.1. Kwa stata hukubali hadi 0.5 kila upande. Mimi namba hizi nazitumia kama pa kuanzia. Maungio yakisoma 0.15 na ni ya gari la kulala njiani, nayafungua.

Dalili nyingine ya ethi mbovu inayowasumbua watu ni taa za nyuma zinazochanganyikiwa: ukiwasha indiketa, taa ya breki nayo inapepesa hafifu. Watu hubadilisha glopu, hubadilisha flasha. Umeme umekosa ethi yake, umepata njia ya kurudi kupitia glopu ya jirani. Pima ethi ya boksi la taa huku indiketa ikiwaka, utaona namba inapanda na kushuka pamoja nayo.

Alteneta pia. Kabla hujaambiwa imekufa, pima kwenye bolti yake ya kutolea umeme injini ikiwa imepandishwa kidogo na taa zimewashwa. Kisha pima kwenye betri. Ikiwa alteneta inatoa 14.2 na betri inapokea 13.3, alteneta ni nzima na waya wa katikati unakula karibu volti moja. Betri hiyo haitajaa vizuri, itakufa kabla ya wakati, na itakayofuata pia.

## Mteja analipia nini?

Kuna upande mwingine ambao sijaumaliza moyoni, na nauandika hivyo hivyo.

Mteja anayelipia stata anaondoka na boksi. Ameona kitu kipya, kinang'aa, kina uzito. Mteja anayelipia kupimwa na kusafishwa bolti anaondoka na nini? Nimeambiwa usoni, “Fundi, umepiga msasa tu, unanidai hela yote hiyo?” Na fundi anayeuza spea anapata fungu lake dukani. Anayepima hana duka la kumpa fungu.

Kwa hiyo simlaumu fundi anayekimbilia kubadilisha. Ana kodi ya banda, ana watoto shuleni, na wateja wenyewe wanamfundisha kwamba kupima hakuna thamani. Ila nikimfikiria yule mama na betri yake na stata yake, fedha iliyotoka kwenye debe za dagaa, naona mzigo wote umemwangukia mtu ambaye hana namna ya kujua.

Nilichoamua mimi ni kumwita mteja asome. Namwambia, “Mama, shika hapa, angalia hii namba wakati kijana anapiga stata.” Nikimaliza kazi namwita tena asome namba mpya. Ile 2.1 kuwa 0.3 ameiona kwa macho yake. Tangu nianze hivyo, ubishi wa malipo umepungua sana, na spea ya zamani ikitakiwa kubadilishwa kweli, nayo ina namba yake ya kuonyesha. Bado sijui bei ya haki ya kupima peke yake, pale ambapo napima na kukuta kila kitu kizima. Muda wangu umetumika, na mteja anaondoka na habari njema bila kukarabatiwa chochote. Wengine hulipa kwa moyo, wengine huona nimewachezea. Mafundi mnaosoma, niambieni ninyi mnafanyaje.

## Fuso ya kayabo

Wiki hii nina kesi ambayo haijaisha. Ni Fuso ya volti 24, inabeba kayabo, na taa zake za nyuma zinafifia zikiwa safarini tu. Ikisimama kwangu, kila ninachopima ni kizuri. Nimetikisa nyaya, nimegonga chesi kwa nyundo ya mpira huku taa zikiwaka, namba haikusogea.

Kwanza nilianza na betri zenyewe, kwa sababu kwenye magari haya ziko mbili mfululizo, na ule waya mfupi wa kuziunganisha husahaulika. Nilipima kila betri peke yake na waya wa kati, vyote chini ya mzigo. Vizima.

Kwa hiyo nitapima gari likiwa kazini. Nimevuta waya mrefu kutoka kwenye ethi ya boksi la taa za nyuma hadi ndani ya kabini, na mwingine kutoka nguzo ya hasi, vyote viwili vinaishia kwenye multimita iliyofungwa juu ya dashibodi, imewekwa ihifadhi namba ya juu kabisa. Kesho usiku wanaondoka kwenda Musoma. Utingo amenielewa vizuri. Atakuwa anaandika namba na mahali: Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, na hasa kila watakapopita kwenye matuta au dereva wa nyuma yao akiwapigia honi kwamba taa hazionekani. Ikipanda, tatizo ni ethi na nitajua kama linaletwa na mtikisiko au na joto. Isipopanda na taa zikafifia, nitahamisha waya upande wa moto wakirudi.